JACOB WAINWRIGHT: ALIYEBEBA MAITI AKABEBA NA KISA

Ndugu msomaji, jina la Dakta David Livingstone sina haja ya kulieleza. Tangu shule ya msingi tumelikariri pamoja na majina ya maziwa na mito, na mwalimu akiuliza ni akina nani waliokuwa naye hadi mwisho, mikono inainuka darasa zima: Susi na Chuma! Lakini mwulize huyo huyo aliyeinua mkono habari za Jacob Wainwright, utamwona anakuna kichwa. Na ajabu ni kwamba Jacob ndiye jirani yetu. Alikanyaga ardhi hii hii ya Kisauni tunayoikanyaga sisi kila asubuhi tukikimbizana na kengele, wakati mahali hapa palipokuwa ndiyo kwanza panaitwa Frere Town. Gazeti la chama chetu limekwisha kuandika juu ya mashujaa wengi wa mbali. Mwaka huu nimeona niandike juu ya huyu wa hapa nyumbani.

Iko sababu ya pili. Siku hizi tunaona mtu mwenye shida akisimama mbele ya watu, anaeleza yaliyomkuta, na watu wanatoa kitu. Wako wanaosimulia kwenye kivuko cha Likoni, wako wanaosimulia ndani ya matatu, na wako wakubwa wenye ofisi ambao husimulia shida za wengine. Sisi tunadhani jambo hili lilianza jana. Kumbe bwana, lina zaidi ya miaka 150, na soko lake kubwa lilikuwa Uingereza. Bidhaa ilikuwa kisa cha mtumwa wa Afrika Mashariki. Maisha ya Jacob yanatuonyesha jinsi soko hilo lilivyofanya kazi, nani aliyesimulia na nani aliyepokea.

Jacob alizaliwa katika nchi ya Wayao, kule kusini kwenye upande wa Ziwa Nyasa. Jina alilopewa na wazazi wake silo hili tunalomwita. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akateremshwa pwani kama walivyoteremshwa maelfu ya wenzake. Katika miaka hiyo njia kubwa ya watumwa ilitoka nchi za Nyasa mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa jahazi zilipeleka watu Unguja, na wengine wakapitilizwa hadi Uarabuni. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka baharini kuzikamata jahazi hizo. Jacob alikuwa katika waliokamatwa na kuokolewa.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vyetu hulipita mbio. Mtoto ameokolewa, haya, apelekwe wapi? Kwao hapafikiki, na akirudishwa atatekwa tena kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo Waingereza waliwagawa: wengine Adeni, wengine Morisi, wengine Shelisheli, wengine Bombay. Jacob aliangukia Bara Hindi. Huko, karibu na mji wa Nasik, mahali paitwapo Sharanpur, chama cha wamisionari wa Kianglikana kiitwacho CMS kilikuwa na shule ya watoto wa Kiafrika waliookolewa. Walifundishwa Kiingereza, kusoma, kuandika na kazi za mikono, wakabatizwa na kupewa majina. Mwenzake mmoja, Myao kama yeye aliyeitwa Chengwimbe, akawa Matthew Wellington. Fikiria mtoto wa Kiyao anayebeba jina la jemadari aliyempiga Napoleon! Jacob naye akawa Wainwright, na jina hilo la wageni ndilo tulilonalo hadi leo. Jina la mama yake limezama.

Waliosoma Nasik walikuja kuitwa Wabombay walipofika pwani yetu. Kuanzia mwaka 1864 baadhi yao waliletwa Rabai kumsaidia mzee Rebmann, aliyekuwa karibu peke yake katika kazi ya misheni. Majina ya William Jones, George David na Ishmael Semler yanatoka kundi hilo, na wazee wa kanisa pande za Rabai na Kisauni bado wanayataja. Jones na Semler wakawa mashemasi mwaka 1885. Nawataja ili usidhani Jacob alikuwa kijana wa kuokotwa tu. Alitoka kwenye shule iliyotoa watu wenye akili zao.

Mwaka 1872 Uingereza yote ilikuwa inauliza Livingstone yuko wapi. Ukapangwa msafara wa kumtafuta, na vijana sita wa Nasik wakachukuliwa: Jacob, John Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar, na wawili wenye jina la Rutton, Richard na Benjamin. Kabla msafara haujaondoka Bagamoyo, akatokea Stanley kutoka bara, amekwisha kumwona mzee! Msafara ukavunjika pale pale. Lakini Stanley alikuwa ameahidi kumpelekea Livingstone wapagazi, akakusanya watu 57, wakiwemo hao vijana wa Nasik, akawatuma Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Wakafika Agosti 1872, na kabla mwezi haujaisha wakaondoka na mzee kuelekea kusini.

Stanley yeye akaenda zake Ulaya, na mwaka huo huo kitabu chake juu ya kumwona Livingstone kikawa madukani. Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kuionja biashara hiyo. Kitabu chake cha mwaka 1857 kiliuzwa nakala zipatazo 70,000, na kikamfanya mtu wa kipato. Ninayasema haya si kwa husuda. Nataka tu ijulikane kwamba safari ya Afrika, ukiisimulia vizuri, ilikuwa mali. Swali ni nani aliyeruhusiwa kuiuza.

Safari ya kusini ilikuwa ya mvua na matope. Livingstone alikuwa mgonjwa wa kutokwa damu tumboni, akawa anabebwa. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu katika nchi ya Zambia ya leo, akafariki usiku ndani ya kibanda alichojengewa na watu wake.

Hapo ndipo kalamu ya Jacob ilipoanza kazi. Watu wa msafara walikutana. Waliogopa kusingiziwa wakifika pwani, maana wapagazi wa Kizungu wakifiwa na bwana wao ni rahisi kuambiwa wamemwibia. Kwa hiyo walimwita Jacob, wakafungua masanduku mbele ya watu wote, naye akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwemo. Mimi naona kitendo hicho ni cha akili kupita vingi tunavyosimuliwa. Ni watu wanaojua kwamba neno lao mdomoni halitaaminika, wakaona bora liwe karatasini.

Kisha wakaukausha mwili. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari kule Unguja, na Carus Farrar ndio walioupasua. Moyo na matumbo wakavitia katika bati wakavizika chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma sala za maziko kutoka katika kitabu chake. Mwili ukatiwa chumvi ukaanikwa juani kwa siku 14, ukafungwa katika merikani, ukaingizwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Jacob akachonga jina la marehemu na tarehe kwenye ule mti. Kipande cha shina hilo kilikatwa miaka mingi baadaye kikapelekwa London.

Kubeba maiti kutoka Chitambo hadi Bagamoyo si mchezo. Ni safari ya miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita 1,500, na wengine walikufa njiani. Vijiji vingi vilikataa maiti isipite, kwa sababu maiti ya mgeni ni mkosi na pengine ni vita. Walipokaribia Unyanyembe walisikia kuna Wazungu wamekuja kumtafuta Livingstone, wakadhani mwanawe Oswell yumo. Jacob akaandika barua kwa Kiingereza kumpa habari ya msiba, na Chuma akatangulia nayo. Oswell hakuwako. Aliyeipokea, Oktoba 1873, ni Luteni Cameron. Huyu aliwashauri wauzike mwili pale pale, wasijitaabishe. Wakakataa. Hebu fikiria, wapagazi weusi wa mwaka 1873 wanamkatalia ofisa wa Kiingereza! Walikuwa wameazimia kuufikisha pwani, basi.

Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, watu wakazuia njia kabisa. Wale wasafiri wakafanya hila. Wakafunga mabua yakawa kama maiti, wakayapeleka nyuma kama wanakwenda kuzika Unyanyembe, na porini wakayatupa. Maiti yenyewe wakaifunga upya ikawa kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida wa mpagazi. Sisi tukisikia mtumba tunafikiria mashati ya Kongowea. Zamani mtumba ni robota la nguo la msafara, na ndani ya mtumba mmoja alipita Dakta Livingstone mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Yote haya Jacob alikuwa akiyaandika katika daftari lake, tangu siku za msiba mpaka walipofika pwani.

Bagamoyo mwili ukapakiwa kwenye manowari ukaenda Unguja. Kapteni Prideaux, aliyekuwa akishika nafasi ya balozi wa Kiingereza, akawalipa watu mshahara wao wakaambiwa kwaherini. Ndivyo hivyo tu. Waliobeba miezi tisa wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Baadaye Chama cha Jiografia cha London kilitengeneza nishani 60 za fedha za kuwatuza, lakini wenyewe walikuwa wamekwisha kwenda na misafara mingine, na wengi hawakuziona.

Mmoja tu ndiye aliyepandishwa meli pamoja na jeneza. CMS walimlipia nauli Jacob Wainwright.

Kwa nini Jacob? Susi alianza kumfanyia kazi Livingstone mwaka 1863, kule Zambezi. Chuma aliokolewa na Livingstone na wenzake mwaka 1861 akiwa mtoto katika mnyororo wa watumwa. Hao ndio walioongoza ule msafara wa maiti. Jacob alikuwa amemjua mzee kwa miezi minane au tisa. Lakini Jacob alikuwa Mkristo aliyebatizwa, tena alizungumza Kiingereza, aliandika, na alitoka katika shule ya CMS wenyewe. Kwa watu waliotaka kuonyesha Uingereza matunda ya sadaka zao, hapakuwa na mwingine wa kumfikia. Tuseme kweli, alichaguliwa kwa sababu ndiye aliyefaa kuonyeshwa.

Meli ikafika Southampton katikati ya Aprili 1874. Yako mapicha yaliyopigwa wakati huo, Jacob amesimama kando ya jeneza la Livingstone, amevaa nguo za Kizungu, uso mkavu. Kule London watu wengi hawakuamini kwamba Waafrika wangeweza kuubeba mwili kutoka katikati ya bara. Daktari Sir William Fergusson akaufungua, akautazama mkono wa kushoto. Palikuwa na mfupa uliovunjwa na simba mwaka 1844 ukaunga vibaya. Akaridhika. Nimelifikiria sana jambo hili. Mashahidi zaidi ya hamsini, orodha ya vitu, barua na daftari, vyote havikutosha. Mfupa ndio uliotosha.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, kanisa walimozikwa wafalme. Katika watu waliolisindikiza jeneza kwa kulishika pembeni alikuwamo Stanley, alikuwamo Dakta Kirk wa Unguja, alikuwamo Horace Waller, na alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyewahi kuuzwa. Susi na Chuma hawakuwako. Walifika baadaye, nauli zao zikalipwa na James Young, rafiki wa marehemu, mazishi yakiwa yamekwisha kupita.

Baada ya mazishi kazi ya Jacob ndiyo ikaanza. Alikaa na Kasisi William Salter Price, yule yule aliyekuwa mkubwa wa Sharanpur, akapelekwa kwenye mikutano ya CMS ili watu wamwone na wamsikie.

Mikutano hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Ukumbi unajaa, wimbo unaimbwa, sala inasomwa. Kasisi anaeleza hali ya Afrika. Kisha anasimamishwa shahidi. Akisimama mtu aliyeyaona kwa macho yake, tena mweusi, tena anasema Kiingereza, watu wanalainika mioyo. Baada ya hapo sahani ya sadaka inazunguka. Wale ambao hawakuja wataisoma habari katika jarida la chama, nao watatuma chochote kwa posta. Shilingi za mjane wa kijijini Uingereza ndizo zilizojenga nyumba, makanisa na shule huku kwetu. Usicheke, ndugu msomaji. Wengi waliotoa hawakuwa matajiri.

Na kisa chenyewe kilikuwa na kipimo chake, kama nguo ya fundi. Kijiji kimetulia, wavamizi wanakuja usiku, mtoto anatengwa na mama yake, mnyororo, kiu, jahazi, manowari inatokea, shule, ubatizo, shukrani. Kikiisha hapo, kimeisha. Hakuna aliyeuliza mtoto huyo alikula nini baada ya miaka kumi, au alilipwa ngapi, au alitaka kurudi kwao. Haikuwa kwa Jacob peke yake. Wamisionari wa Kifaransa walioko Unguja walikuwa na kisa cha msichana Myao aitwaye Swema, aliyezikwa akiwa hai, akaokolewa, akauguzwa na masista. Kisa chake kikachapishwa Paris mwaka 1870, kwa Kifaransa, kwa wasomaji wa Kifaransa. Wavulana wa shule ya Kiungani, Unguja, waliambiwa waandike kila mmoja maisha yake, na mwaka 1887 bwana A. C. Madan akayatoa kitabu London. Masimulizi yale ni hazina, na kama si wamisionari tusingekuwa nayo. Lakini ukiyasoma mengi pamoja, unaanza kusikia yanafanana mno, kama insha za darasa moja ambazo mwalimu ametoa mifano ubaoni.

Nilipolieleza jambo hili katika kikao cha chama chetu, mwenzangu mmoja alinipinga kwa nguvu. Alisema Jacob alifaidika: aliiona London, alishika jeneza na wakubwa, na fedha zilizokusanywa kwa visa kama chake ndizo zilizonunua ardhi ya Kisauni wakapata pa kukaa mamia ya watu waliokuwa hawana kwao. Hoja hiyo ni nzito na sikuweza kuisukuma kando. Wako wanafunzi katika shule hii ambao babu wa babu zao walipewa kiwanja kwa fedha hizo. Nililomjibu ni hili: fedha za sahani zilikuwa za chama, si za Jacob, na wala si yeye aliyeamua zifanye nini. Yeye alileta kisa, wengine wakashika mfuko.

Hata kisa hakikubaki chake. Horace Waller alichukizwa kwamba Jacob ndiye aliyekuwa mbele, akiona haki ni ya Susi na Chuma. Walipofika aliwachukua, wakakaa naye wakimweleza siku za mwisho za mzee, yeye akiandika. Katika nyumba ya rafiki mmoja wa Livingstone, Newstead Abbey, wakajenga mfano wa kibanda cha Chitambo, ili Waingereza waone. Kitabu kikatoka mwishoni mwa 1874 kwa jina la Livingstone, kimetengenezwa na Waller. Humo ndimo ilimoenea picha ya Livingstone kufa amepiga magoti anasali. Wanahistoria wa baadaye wameitilia shaka, wakisema mgonjwa wa hali ile asingeweza. Lakini picha hiyo ilivuta sadaka, na ikabandikwa kwenye kuta za shule nyingi.

Na daftari la Jacob je? Hilo ndilo maandishi ya mkono ya Mwafrika aliyekuwako, yakieleza msiba na safari. Sehemu zake zilichapishwa mwaka huo huo wa 1874, lakini kwa Kijerumani, katika jarida la jiografia la Petermann kule Gotha. Waingereza waliomshangilia jukwaani hawakuletewa kitabu chake. Kwa Kiingereza, lugha aliyoiandikia, lilitolewa na Chama cha Hakluyt mwaka 2007. Hesabu mwenyewe: miaka 133.

Jacob alirudi pamoja na Price, na Novemba 1874 wakashuka Mombasa. Hapo ndipo anapoingia kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa Juni 1873, baada ya mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza ulioshughulikiwa na Sir Bartle Frere. CMS walitaka mahali pa kuwaweka wanaookolewa. Price akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, wakapaita Frere Town kwa heshima ya huyo Frere. Wabombay ndio waliokuwa mikono na midomo ya kazi hiyo: mafundi, walimu na wakalimani. Septemba 1875 likashushwa kundi kubwa la kwanza, watu zaidi ya 200 kutoka manowari, wengi hawajui Kiswahili wala Kiingereza. Fikiria wewe ndiye unayewapokea.

Lakini Frere Town haikuwa pepo iliyosimuliwa kule ukumbini. Wakubwa wa Kizungu walitoa amri na Wabombay, ambao baadhi yao walisoma na kuandika vizuri kuliko mafundi wa Kizungu, walitakiwa kutii. Mwaka 1881 ulifanywa uchunguzi kuhusu watu kuchapwa viboko na kufungwa hapo Frere Town, na msimamizi wa wakati ule, Streeter, ikambidi aondoke. Kisa hicho hakikuwa cha kuzungushia sahani. Na si hilo tu: watumwa watoro walikimbilia Frere Town na Rabai, mabwana zao wakaja juu, na tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza akawalipa mabwana fidia, watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru. Aliyelipwa, kama unavyoona, ni bwana.

Jacob hakudumu. Alivunja na misheni akaondoka Kisauni. Wengine wamemlaumu kwamba kichwa kilimvimba kwa sifa za London. Inawezekana. Lakini mtu aliyeshika jeneza Westminster Abbey, leo anarudishwa kuwa kijana wa kutumwa, unataka afanye nini? Mimi simlaumu. Baadaye alikwenda bara, akawa Uganda katika siku za misheni ya kwanza kule kwa Kabaka Mutesa.

Mwenzake Matthew Wellington alibaki pwani, akaishi Frere Town na Mombasa hadi uzee mkubwa, akafariki mwaka 1935. Akiwa mzee, Wazungu walimtafuta awasimulie tena ile safari, maana wenzake wote walikuwa wamekwisha kufa. Mmisionari Rampley akaandika kijitabu juu yake, na hata jina la kijitabu linamtambulisha kama kiungo cha mwisho kilichobaki na Livingstone. Miaka zaidi ya themanini ya maisha, na bado unaitwa kwa jina la safari ya mtu mwingine!

Mwaka mmoja kabla ya mzee Matthew kufariki, likatokea jambo jipya. James Juma Mbotela, mzaliwa wa hapa Frere Town, alitoa kitabu Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934. Alieleza jinsi babake alivyotekwa katika nchi ya Wayao, alivyookolewa baharini na alivyoletwa Kisauni. Wengi wetu tunalijua jina la ukoo huo kwa ajili ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji, aliyetuacha Februari 2025. Kitabu hicho kina sifa nyingi mno kwa Waingereza na lawama nyingi kwa Waarabu, na wasomi wamekikosoa kwa hilo, nami nakubaliana nao. Ila kimeandikwa kwa Kiswahili. Aliyekisoma ni mwalimu wa Rabai, karani wa Changamwe, binti wa Kisauni. Kisa kilisimuliwa kwa wenyewe, na hakuna sahani iliyofuata.

Jacob hakukiona. Safari zake za mwisho zilimpeleka Urambo, nchi iliyokuwa ya Mirambo, magharibi ya Tabora, siku chache tu kutoka ile Unyanyembe alikokutana na Livingstone mwaka 1872. Wamisionari wa Kiingereza wa chama kingine, LMS, walikuwa na kituo pale. Huko ndiko alikofia, Aprili 1892. Daftari lake liko Blantyre, Uskoti, katika jumba la makumbusho lililo nyumba aliyozaliwa Livingstone, na tangu mwaka 2019 kurasa zake zinaweza kusomwa katika intaneti, mwandiko wa Jacob mwenyewe, mistari iliyonyooka, herufi za shule ya Nasik.